Kuchora Tendo: Juu ya Mafunzo ya Kimon Nicolaïdes

Miongoni mwa vitabu vya kufundishia uchoraji vilivyoandikwa Marekani katika karne ya 20, ni vichache vilivyosifiwa na kulaumiwa kwa sababu ile ile moja kama The Natural Way to Draw cha Kimon Nicolaïdes. Kitabu hicho kilitolewa mwaka 1941. Mwandishi wake alikuwa amekwisha fariki tangu mwaka 1938, naye Mamie Harmon ndiye aliyeyatengeneza maandiko aliyoyaacha mpaka yakawa kitabu. Nicolaïdes alizaliwa Washington mwaka 1891, na umri wake wa ualimu aliutumia katika Art Students League ya New York. Sababu ya sifa na lawama ni zoezi la pili la kitabu, ambalo mwanafunzi hutakiwa kuuchora mwili mzima wa mtu kwa dakika moja, au chini yake. Wanaolisifu husema kuwa liliwafumbua macho. Wanaolilaumu husema kuwa limevijaza vyuo vya sanaa watu wanaokwaruza karatasi na kuuita mkwaruzo huo uhai.

Lawama hiyo si ya kupuuzwa, maana anayetembelea maonyesho ya wanafunzi mahali popote ataiona kweli yake ukutani. Lakini lawama ikikubaliwa yote, litatupwa pamoja nayo jambo ambalo wachoraji wakubwa walilijua kabla ya Nicolaïdes kuzaliwa: kwamba mwili wa mtu huonekana kwa kile unachofanya kabla ya kuonekana kwa kile ulicho nacho. Swali lililo hapa ni kama kuona kunaweza kufundishwa. Na kama kunaweza, jicho lifundishwe kuona nini kwanza.

Zoezi lenyewe ni jepesi kulieleza. Mtu wa kuchorwa husimama, au huinama, au hujipinda, akakaa hivyo kwa muda mfupi tu, kisha akabadili. Mwanafunzi hushika kalamu ya risasi na kuanza kuchora papo hapo bila ya kupima wala kupanga. Macho yake yapo kwa mchorwa kuliko kwenye karatasi. Kalamu hainyanyuliwi, huzunguka, hupanda, hushuka, hupita kifuani ikatokea mgongoni kana kwamba mwili ni moshi, hurudi ilikopita, hukimbilia mguu kwa kuwa mguu ndio unaosukuma. Hakutafutwi ukingo wa umbo. Hakutafutwi uso wala vidole. Kinachotafutwa ni ule mwendo mmoja uliomo katika mwili wote. Dakika ikiisha, karatasi hugeuzwa. Yaliyoachwa nyuma aghalabu ni fundo la mistari ambalo mpita njia angelidhani ni uzi wa mvuvi uliotatizika. Nicolaïdes hasikitiki kwa hilo. Anamhesabia mwanafunzi maelfu ya makosa kuwa ni mtaji, naye anataka mtaji huo utumike mapema.

Hapa ndipo lugha inapoingia katika shauri, na mfasiri wa Kiswahili hana budi kusimama kidogo. Neno alilolitumia Nicolaïdes katika Kiingereza chake hufasiriwa upesi kuwa ishara. Tafsiri hiyo inapotosha. Ishara hufanywa kwa makusudi ili mwingine aelewe: mkono hupungwa, jicho hukonyezwa, kichwa hutikiswa. Mtu aliyelala fofofo hatoi ishara yoyote, wala nguo iliyotundikwa msumarini haitoi. Walakini Nicolaïdes anataka hata vitu visivyo na uhai vichorwe kwa njia hii. Mkao nalo ni neno zuri, ila husimulia habari za mwili uliokwisha kutulia, na mchoraji wa dakika moja anatafuta kile kilichoufikisha mwili pale ulipotulia. Neno lililo karibu zaidi ni tendo. Nguo iliyotundikwa inafanya kazi: inaning'inia. Aliyelala anafanya kazi: ameuacha uzito wake wote kwa kitanda. Kuchora tendo, basi, ni kuchora kitenzi kabla ya jina.

Nacho Kiswahili kina hazina ya maneno ambayo kila moja ni mchoro wa namna hii. Anayesema kwamba fulani ameshika tama hakutaja kiwiko, wala goti linalokibeba kiwiko, wala shingo iliyolegea. Hata hivyo msikizi huuona mara moja mwili mzima na huzuni iliyomo. Kujikunyata ni mabega, magoti, baridi na woga kwa pamoja. Kuchutama, kunyata, kupepesuka, kushika kiuno, kulala kifudifudi: hakuna hata moja katika hayo linaloorodhesha viungo, na hakuna hata moja linalowezekana bila ya viungo vyote kushiriki. Tena kuna yale maneno mafupi ambayo wanasarufi hupata taabu kuyapangia mahali. Mtu huanguka pu. Kitu hutumbukia majini chubwi. Neno "pu" halisemi ni goti lililotangulia au ni bega. Uzito wote umefika chini kwa mara moja, na sikio limeuona. Msimuliaji wa hadithi anayelitumia neno hilo mahali pake amefanya kazi ya Nicolaïdes kwa silabi moja.

Lakini mfano huu usisukumwe mbali kuliko unavyostahili. Kushika tama ni neno ambalo kila mzungumzaji alilirithi likiwa tayari. Hutosha kwa huzuni ya mjane, na ya mfanyabiashara aliyefilisika, na ya mtoto aliyenyimwa. Mchoraji hana ruhusa ya kurithi namna hiyo. Kazi yake ni kumwona huyu aliyeshika tama leo, ambaye kiwiko chake kinateleza kidogo gotini kwa kuwa amechoka zaidi kuliko alivyohuzunika. Hapa ndipo ufundi wa kuchora upesi unapoharibika mikononi mwa wengi. Baada ya majuma machache mwanafunzi hugundua mpindo mzuri unaofaa kwa karibu kila mwili, kutoka utosini kupitia kiunoni hadi kisiginoni, akautia kila mahali. Kila mchorwa hupata mpindo ule ule, awe kijana au mzee, awe amebeba au amebebwa. Michoro hiyo hupendeza. Inafanana na usemi wa mtu aliyekariri methali ishirini na kuzigawa kwa kila mazungumzo. Wanaomlaumu Nicolaïdes huwa wameiona michoro ya namna hiyo, na wana haki ya kuchoka nayo. Ila wanamtoza deni la waliomsoma nusu.

Kwa nini kuanza na tendo kunafaa? Sababu inaonekana kwa kumtazama mwanafunzi asiyefundishwa anapopewa saa nzima. Huanza na jicho la kushoto, aghalabu jicho zuri. Kutoka hapo huenda puani, mdomoni, kidevuni, akakipamba kila kimoja. Na anapofika miguuni karatasi imekwisha, au mtu aliyechorwa anaelea kama aliyening'inizwa kwa nywele. Sehemu zote zipo, ila mtu hayupo. Dakika moja huiondoa njia hiyo kabisa. Hakuna nafasi ya jicho, kwa hiyo jicho la mchoraji hulazimika kwenda kwenye mambo makubwa: uzito umeangukia wapi, nini kinausukuma, nini kinauzuia. Mtu anaposimama ameuegemea mguu mmoja, nyonga ya upande ule hupanda, na bega la upande ule ule kwa kawaida hushuka ili mwili usipinduke. Kishimo cha koo huwa takriban juu ya unyayo uliobeba. Haya yanaweza kusomwa katika vitabu vya elimu ya viungo, na yanapaswa kusomwa. Lakini anayeyasoma kabla ya kuyaona huyachora kama sheria, na aliyekwisha kuyaona mara mia kwa dakika moja moja huyasoma kama mtu anayepewa majina ya jamaa zake.

Ushahidi bora wa jambo hili haumo katika kitabu cha Nicolaïdes. Umo katika karatasi ndogo iliyohifadhiwa British Museum, London, ambayo Rembrandt aliichora kwa wino yapata mwaka 1656. Haifiki sentimita 10 kwa urefu wa kwenda juu. Mtoto anafundishwa kutembea. Wanawake wawili wamemshika huku na huku, mmoja mkubwa na mmoja mdogo. Baba amechutama mbele yake na kunyosha mikono. Na nyuma anapita mwanamke mwenye ndoo, hayamhusu. Mistari ni michache kiasi cha kuhesabika. Baba hana sura ya kutambulika, lakini namna alivyochutama inatosha: ni kuchutama kwa mtu aliye tayari kusogea mbele mara mtoto atakapoanza kuanguka. Yule mwenye ndoo naye, kwa mistari michache ya mkono na kiuno, anasema kwamba ndoo imejaa. Uzito wa maji umechorwa, na maji hayakuchorwa. Ni vigumu kueleza ni kwa njia gani karatasi na wino vimelibeba jambo hilo isipokuwa kwa kusema kwamba aliyechora aliuona mzigo kabla ya kuiona ndoo.

Rembrandt alikuwa na umri wa miaka hamsini hivi. Hili halina budi kukumbukwa, kwa sababu sifa za wepesi wa wakubwa hutajwa mara nyingi bila ya umri wao. Charles Baudelaire, katika makala ya mwaka 1863 juu ya Eugène Delacroix, anasimulia kwamba mchoraji huyo alimwambia kijana mmoja kuwa asiyeweza kumchora mtu aliyejitupa dirishani kabla hajafika chini kutoka ghorofa ya nne hataweza kufanya kazi kubwa. Ni usemi wa kuchangamsha, nao umewadhuru wengi, kwa kuwa umechukuliwa kama mafundisho ilhali ni kipimo. Delacroix alitaja mahali pa kufika; hakusema safari inaanza vipi.

Hali ni hiyo kwa Auguste Rodin, ambaye huenda ndiye aliyeupa mchoro wa haraka heshima yake ya karne ya 20. Mchongaji huyo, alipokuwa amekwisha kupata jina, alizoea kuwaacha wachorwa wake watembee watakavyo katika chumba chake cha kazi, naye akawafuata kwa kalamu bila ya kutazama karatasi. Mwezi wa Julai mwaka 1906 wachezaji ngoma wa mfalme Sisowath wa Kambodia walipokuja Ufaransa kwa maonyesho ya makoloni, Rodin aliwaona Paris, akawafuata hadi Marseille, akatoa michoro ipatayo 150. Mikono katika michoro ile ni ya ajabu: vidole vimepindwa kwa nyuma, na rangi ya maji imemwagwa juu ya mstari bila ya kuufuata, kama kivuli kilichochelewa. Aliyeitazama anaweza kudhani kuwa kinachohitajika ni uhodari wa kutojali. Lakini Rodin alizaliwa mwaka 1840. Mkono uliowachora wachezaji wale ulikuwa umeshika udongo kwa zaidi ya miaka arobaini. Ulijua unene wa paja na mzunguko wa bega kama mkono wa mpishi ujuavyo chumvi. Hakuhitaji kutazama karatasi kwa sababu umbo lilikuwa limo mkononi. Mwanafunzi anayefumba macho ili afanane na Rodin amefumba macho tu.

Nicolaïdes aliijua hatari hii, na dawa aliyoiweka ndiyo inayofanya kitabu chake kiwe kikubwa kuliko sifa yake. Zoezi la haraka ni la pili. La kwanza, ambalo hufanywa katika juma lile lile, ni kinyume chake kabisa. Mwanafunzi huliweka jicho lake kwenye ukingo mmoja wa mwili, akasubiri mpaka ajihisi kuwa ncha ya kalamu inaugusa mwili wenyewe na si karatasi, ndipo akaanza kwenda, polepole kama konokono, bila ya kuitazama karatasi, akiufuata ukingo katika kila bonde na kila kilima. Mfano wa bonde na kilima si wa kupamba maneno. Nicolaïdes alitumikia jeshi la nchi yake Ufaransa wakati wa vita vya kwanza vya dunia akiwa miongoni mwa mafundi wa kuficha silaha na majeshi yasionekane, na huko alipewa kazi ya kuchunguza ramani zenye mistari ya miinuko ya ardhi. Mstari wa ramani hauonyeshi mlima unafananaje. Huonyesha mguu wa mpandaji utapita wapi. Kutoka hapo ulizaliwa mstari wake wa ukingo, ambao ni mstari wa kugusa.

Basi zoezi moja ni la kidole na jingine ni la pumzi, na mwandishi amekataa kuyapatanisha. Baada ya hapo huja la uzito, ambapo mwili hujengwa kwa chaki kutoka ndani kuelekea nje kama mtu anayefinyanga. Ratiba ni kali: kila sehemu ya kitabu ina saa kumi na tano za kazi, zilizogawanywa katika vipindi vya saa tatu tatu. Walimu waliokuja baadaye walichukua zoezi la dakika moja peke yake, kwa kuwa linafurahisha darasa na kulipasha moto, wakaliacha lile la konokono kwa kuwa linachosha. Wakavuna walichopanda. Wepesi usio na polepole nyuma yake hauna cha kuharakisha.

Dosari ya kitabu ipo, nayo ni nyingine. Kimeandikwa kana kwamba kila msomaji ana chumba chenye joto na mchorwa wa kulipwa anayebadili mikao kwa saa. Huku Afrika ya Mashariki jambo hilo lina historia yake. Margaret Trowell, aliyeanzisha mafunzo ya sanaa Makerere mwishoni mwa miaka ya 1930, hakutaka kuwalazimisha wanafunzi wake njia za vyuo vya Ulaya, ingawa yeye mwenyewe alisomea Slade, London. Alipendelea kuwaeleza tukio kwa maneno, soko au arusi au mvua, wakalitazama kwa macho ya ndani, kisha wakalichora. Nafasi yake iliposhikwa na Cecil Todd mwaka 1958, mchorwa aliingia darasani pamoja na nadharia ya rangi na historia ya sanaa ya Ulaya. Ugomvi wa njia hizo mbili umeandikwa mara nyingi kama ugomvi wa Uafrika na Uzungu. Mgawanyo huo ni mwepesi mno. Trowell alikuwa Mwingereza aliyejiamulia kipi kiwafae Waafrika. Na wanafunzi waliokuwa na hamu ya kujua jinsi goti linavyokunjwa hawakuwa wamewasaliti wazazi wao.

Mchoro wa tendo, ukifahamika vizuri, haukai upande wowote wa ugomvi huo. Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame aliyesoma Makerere wakati wa Trowell, alichora watu wadogo wadogo walio kazini: wanakata, wanabeba, wanapanda mlima. Picha yake ya mwaka 1956 ya wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi arusi usiku imo katika Museum of Modern Art, New York. Nyuso za watu wake hazisemi sana. Anayetafuta elimu ya viungo hataipata, na wako waliomhukumu kwa hilo. Lakini watu wa Ntiro wanajulikana wanafanya nini, tena wanakifanya pamoja, na hukumu inayopima picha zake kwa misuli imebeba kipimo cha duka jingine. Alichokikosa, ikiwa kusema kweli ni wajibu wa mhakiki, si misuli. Ni ile tofauti ya mbebaji na mbebaji, kwamba wa tatu katika mstari amechoka kuliko wa pili. Hiyo haipatikani kwa kusikia maneno ya mwalimu. Hupatikana kwa kumtazama mbebaji.

Na mbebaji hasimami. Mchukuzi wa bandarini Mombasa, mwanamke anayetwanga, kijana anayeinua jembe, hakuna anayengoja dakika yake iishe. Kwa hiyo zoezi ambalo lingefaa zaidi kwa mwanafunzi wa pwani na bara zetu si lile linalosifiwa, bali ni jingine lililomo katika kitabu hicho hicho, ambalo wachache hulitaja: mchorwa huonyesha tendo, kisha hulivunja na kuondoka, na mwanafunzi huanza kuchora wakati ambapo hakuna tena kitu mbele yake. Kalamu hulifuata tendo lililobaki katika mwili wa mchoraji mwenyewe, begani mwake na mgongoni mwake, kwa maana jicho limekwisha kunyang'anywa. Trowell alianza na neno na Nicolaïdes alianza na mwili, na katika zoezi hilo wanafunzi wao wangeweza kukaa kwenye benchi moja. Kinachohitajika ni daftari la kutia mfukoni, kalamu ya risasi, na kwenda sokoni asubuhi kabla ya magunia hayajaisha kushushwa.